Dirisha Ambalo Hakuna Aliyelitazama

Laptopu ya dada yangu mdogo ilikuwa imefungwa kwa blada, ule utepe wa mpira unaokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ambao huku kwetu Bahati watu hufungia kila kitu kuanzia kuni hadi jogoo anayepelekwa sokoni. Bawaba ya skrini ilikuwa imevunjika upande mmoja, na bila blada skrini ililala chali. Herufi za kibodi zilikuwa zimefutika zote. Hilo halikumsumbua mwenyewe. Macho yake yanaona kidogo tangu utotoni, na kwake kibodi yenye herufi na isiyo na herufi ni kitu kimoja.

Kazi yake ni kuandika kumbukumbu za mikutano. Chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Kabazi hurekodi mikutano yake kwa simu ya mwenyekiti, kisha mwenyekiti humtumia sauti hizo, naye huvaa visikizi na kuandika neno kwa neno. Wafugaji walikataa muhtasari zamani. Muhtasari uliwahi kuwaletea ugomvi, kwa sababu kila mtu alikumbuka kwamba alikuwa amesema jambo la busara, na karatasi haikukumbuka hivyo. Tangu hapo waliamua kila kikohozi kiandikwe, na kitinda mimba wetu akapata kazi.

Aliandikia programu moja ya zamani sana, ambayo aliyeitengeneza aliacha kuishughulikia kitambo na kwenda kufanya mambo mengine ya maisha yake. Mimi ndiye niliyemwekea, alipokuwa bado msichana wa shule. Sikuichagua kwa utaalamu. Ndiyo niliyoikuta kwenye kompyuta ya mitumba niliyonunua mjini Nakuru. Lakini ilikubali herufi za manjano juu ya weusi, kubwa kama kiberiti, na ilikubali kuendeshwa kwa vidole vitupu bila kushika kipanya. Vidole vyake viliijua kama vinavyojua njia ya kwenda chooni. Kutafuta neno, kuhama aya, kuhifadhi, kurudi nyuma, yote aliyafanya huku kichwa kimeinama akisikiliza mhazini akieleza kwa nini maziwa ya Jumanne yaliharibika.

Mimi ni kifungua mimba. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba, na siku hizi nina kioski karibu na soko la Bahati ambapo napiga fotokopi, nachapa barua, na kuwasaidia watu kuomba vitu serikalini kwa mtandao. Kompyuta nilijifunza kwa sababu fundi wa mjini alikuwa akija anapotaka. Siku ya mazishi ya mama, shangazi zetu kutoka Rongai walinifunga leso kichwani na kunipa ushauri mmoja kabla ya kupanda gari kurudi kwao. Walisema, "Wewe sasa ndiye mama. Usiwaulize hawa watoto wanataka nini. Watataka vitu."

Ulikuwa ushauri mzuri, na niliutekeleza hata watoto walipoota ndevu. Nyumbani kwetu kifungua mimba ndiye hupakua chakula. Anatazama sufuria, anatazama vichwa, anagawa. Haulizi nani ana njaa. Mwenye njaa anajulikana kwa macho, na anayelalamika anajulikana kwa jina.

Basi, Pasaka ile ndugu yetu wa katikati alikuja kutoka Nairobi na kompyuta mpya. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, haina skrini wala kibodi yake yenyewe. Unaiunganisha kwenye TV, unachomeka kibodi, na inawaka. Yeye ndiye tuliyemsomesha mpaka mwisho, na hufanya kazi ya programu katika jengo refu ambalo sijaliona. Nikimuuliza hasa anafanya nini hujibu, "Ni mambo ya mifumo, mathe," kwani huniita mama tangu mazishi yale, na mimi huwaambia watu ni injinia. Aliona ile blada kwenye laptopu ya dadake akaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Akaunganisha sabuni yake kwenye TV yetu, akaonyesha jinsi ilivyo haraka, akala nyama, akaondoka.

Dada yangu alijaribu kuandikia programu iliyokuja na mashine ile mpya. Ilikuwa nzuri, ina vivuli na pembe za mviringo. Lakini vitufe vilivyokuwa vya kuhifadhi kwenye programu ya zamani, kwenye hii vilikuwa vya kufunga. Taarifa ya mhazini ilipotea, akaiandika upya, ikapotea tena. Kumbukumbu zilipofika Kabazi, aya za watu tofauti zilikuwa zimemezana, na ilionekana wazi kwa kila msomaji kwamba shukrani kwa kamati zilitolewa na mtamba, ng'ombe mchanga wa mama mmoja, ng'ombe ambaye alikuwa ametajwa tu kuwa ana homa.

Mwenyekiti alikuja kioskini kwangu. Ni mzee mpole, mwenye kofia ambayo huivua akiingia hata kwenye duka la mbolea. Alipiga fotokopi ya kitambulisho ambacho najua ana nakala zake nyumbani. Alisifia mvua. Alisema mkutano mkuu wa mwaka uko karibu, wanachama wote watakuja, na wako wengine wagumu. Kisha, kama mtu anayerudi kwenye habari ya mvua, akasema, "Msichana wa ndugu yangu amemaliza koleji. Yuko tu nyumbani. Ana kompyuta yake."

Nilimwambia kumbukumbu za safari hii zitakuwa sawa. Akavaa kofia, akaenda.

Kazi ile si mshahara tu kwa dada yangu. Ndicho kitu pekee ambacho yeye hufanya na mimi siwezi, na ambacho hakukipata kupitia kwangu. Watu wa Kabazi humpigia simu yeye mwenyewe. Wakigombana juu ya nani alisema nini, huambiana, "Ngoja tumuulize yule msichana." Kwa hiyo, kwa vile laptopu ya blada haingedumu, niliamua kwamba ile programu ya zamani itahamia kwenye mashine mpya. Sikumwambia ni vigumu. Nilimwambia ni suala la siku chache.

Kuhamisha programu si kama kuhamisha meza. Mashine mpya ilikuwa na ubongo wa aina nyingine, na programu iliyotengenezewa ile ya zamani haikuweza kuwaka humo. Lakini yule aliyeitengeneza alikuwa ameacha maandishi yake ya asili kwenye mtandao, wazi kwa yeyote. Unayachukua, unaiamuru mashine mpya iyasome na kuijenga programu upya, kama fundi anayeshona gauni lile lile kwa mwili mwingine. Niliipeleka mashine kioskini, nikatoa amri. Mistari ikashuka kwa wingi, ikapendeza, nikaita mteja aje aone. Kisha ikasimama na kusema haipati maktaba ya michoro.

Maktaba ya namna hii haina rafu. Ni kazi zilizoandikwa na watu wengine ili kila programu isihangaike kuzifanya upya. Hii iliyokosekana kazi yake ilikuwa kuchora dirisha kwenye skrini, menyu zake, vitufe vyake, na kile kipau cha pembeni cha kupandisha na kushusha. Programu ya dada yangu ilitengenezwa zamani ikiitegemea, na mashine mpya haikuwa nayo. Nilifanya lile ambalo mtu yeyote angefanya. Nilienda kuitafuta.

Niliipata ya kisasa, nikaiweka. Programu ikaikataa, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kimebadilishwa jina. Nikampigia ndugu yangu Nairobi. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliye kwenye mkutano mwingine, akasema, "Mathe, hiyo maktaba unayotafuta ilikufa. Ilizikwa, na hata shamba lake lishagawanywa. Si umpatie tu programu ingine azoee?"

Nilimuuliza kama yeye angezoea mguu mwingine. Akacheka, akasema sawa, na akanitumia mahali ambapo maandishi ya maktaba ile marehemu yalikuwa yamehifadhiwa. Niliyajenga. Yakasema hayawezi kuendelea bila maktaba nyingine, ya kuchora maumbo ya herufi. Nikaitafuta hiyo. Ikataka ya rangi. Ya rangi ikataka ya picha. Ya picha ikataka kitu cha kushughulikia mashine za kuchapisha karatasi. Nani alikuwa anataka kuchapisha karatasi?

Sikushangaa sana, maana nilikuwa nimeshapita njia hiyo. Wakati ndugu yangu alipohitaji kitambulisho cha taifa, ofisi ya kwanza ilitaka vitambulisho vya wazazi. Nikasema wazazi walifariki. Wakataka vyeti vya vifo. Ofisi ya vyeti ikataka barua ya chifu. Chifu akataka mzee wa mtaa athibitishe. Mzee wa mtaa, mtu aliyekuwa amekula kwenye mazishi yote mawili na kuomba mifupa zaidi, akasema hawezi kumthibitisha kijana ambaye hana kitambulisho. Kwa hiyo nilipoambiwa na mashine kwamba kila kitu kinategemea kitu kingine ambacho hakipo, nilivuta kiti karibu. Watu wenye baba na mama wangekata tamaa. Mimi nilijiona niko nyumbani.

Nikaendelea hivyo wiki baada ya wiki, katikati ya fotokopi. Kila jioni dada yangu akiuliza tumefika wapi, nilimwambia tumebakisha moja tu. Lilikuwa jibu la kweli kila mara. Yeye alijibu, "Haya," na kurudi kwenye laptopu yake yenye blada.

Asubuhi moja alikuja kioskini akiwa ameibeba ndani ya kiondo. Aliiweka mezani, akafungua, akanionyesha. Nusu ya skrini ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa. Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na kumbukumbu za kamati, ambazo zingesomwa na kuthibitishwa mbele ya wanachama wote, alikuwa hajafika hata katikati.

Nilimmiminia chai. Nilimwambia asijali, imebaki moja tu.

"Hiyo maktaba," akasema, "inafanya nini hasa?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, maana kwa wakati huo nilikuwa najua mengi kuihusu kuliko ninavyojua kuhusu baadhi ya jamaa zetu. Inachora dirisha. Inachora menyu juu, na vitufe chini ya menyu, kila kitufe na picha yake. Kuna cha mkasi, kuna cha diski. Inachora kipau cha pembeni.

"Kuna mkasi?"

"Uko hapo juu. Uko tangu siku ya kwanza."

Alikunywa chai. "Mimi sijawahi kuona mkasi," akasema. "Hapo juu naona kitu kama ukungu. Nilidhani ni uchafu wa skrini. Nimekuwa nikiupangusa."

Mteja mmoja alikuwa amesimama dirishani na cheti cha ubatizo mkononi. Aliinamisha kichwa, akajifanya anasoma jina la padri.

"Kwa hivyo," dada yangu akaendelea bila haraka, "umekuwa ukitafuta mtu wa kunichorea ukungu."

Miaka yote ile nilimwona akiandika na sikuwahi kumuuliza anaona nini. Niliona programu nzima, yenye dirisha na mkasi, na nikachukulia kwamba nikimhamishia, nimhamishie yote, pamoja na sehemu za mapambo, kama mtu anayehamisha nyumba na kubeba hata misumari ya ukutani. Ni tabia ya kupakua. Nilikuwa nimetazama sufuria na kutazama kichwa.

Yeye akaweka kikombe chini. "Na chai yenyewe," akasema, "mimi huwa sitaki sukari. Lakini hiyo tutaongea siku nyingine."

Mteja wa ubatizo alihudumiwa haraka sana siku hiyo.

Nilirudi kwenye maandishi ya programu nikitafuta jambo ambalo sikuwahi kulitafuta, yaani namna ya kuijenga bila dirisha lolote. Ilikuwepo. Ilikuwepo tangu mwanzo, kwenye ukurasa wa maelezo ambao mtu huusoma akishashindwa. Mtengenezaji alikuwa ameandika kwamba asiyehitaji michoro aizime, na programu itaandika moja kwa moja kwenye skrini tupu, herufi juu ya weusi, kama kompyuta za zamani. Nikaizima. Maktaba ya herufi, ya rangi, ya picha na ya karatasi, zote nilizozitafuta kwa jasho, zikawa hazihitajiki kwa mpigo mmoja. Nilihisi kama mtu aliyekusanya barua zote za chifu halafu akaambiwa mlango ulikuwa wazi.

Haukuwa wazi kabisa, hata hivyo. Mtengenezaji alikuwa amesahau kona chache. Hata bila dirisha, programu ilipokaribia kukamilika ilikwama ikiuliza maswali matatu ambayo ilizoea kuiuliza ile maktaba. Nani atapiga kengele mtu akikosea? Maneno yaliyokatwa yatawekwa wapi? Na dirisha lina upana gani?

Nikampigia ndugu yangu. Safari hii alitoka nje ya mkutano wake, nikajua kwa sababu nilisikia pikipiki.

"Hiyo ni rahisi, mathe," akasema. "Andika maktaba ya uongo. Fupi tu. Yenye majina yale yale. Ikiulizwa kengele, inyamaze. Ikiulizwa mahali pa maneno, iseme hakuna kitu. Ikiulizwa upana, itaje namba yoyote. Programu haijali nani anaitikia. Inataka tu kuitikiwa."

Nilipokata simu nilimkumbuka alipokuwa shuleni. Kuna siku ya wazazi katika shule yake ya upili, upande wa Subukia, ambayo yeye huenda haikumbuki kama ninavyoikumbuka. Nilienda nimevaa koti la mama, lile la vifungo vikubwa, na leso yake. Mikono ya koti ilifunika vidole vyangu. Mwalimu langoni alikuwa akitaja jina la kila mwanafunzi, na mzazi wake alipaswa kuitikia. Akafika kwa ndugu yangu, akainua macho, akaona koti, na ndani ya koti akaniona mimi, msichana ambaye angeweza kuwa kidato cha nne katika shule hiyo hiyo.

"Mzazi yupo?" akauliza.

"Yupo," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaweka alama, akanionyesha kiti miongoni mwa wazazi. Shule ilihitaji mtu wa kuitikia na ilikuwa imempata. Baadaye wazazi waliombwa watoe maoni kuhusu nidhamu ya vijana wa siku hizi. Nikasimama, nikatoa. Nilikuwa mkali sana. Akina mama wawili walipiga makofi.

Kwa hiyo kuandika maktaba ya uongo sikuhitaji kufundishwa mara mbili. Ilikuwa fupi kuliko barua ya kuomba kazi. Kengele ikanyamaza. Mahali pa maneno pakawa patupu. Kwenye upana niliandika themanini, kwa sababu ndiyo namba ambayo kila mtu huandika kwenye skrini za namna hiyo, na nikaiamuru mashine imalize kazi. Ikamaliza. Nilibeba kile kipande cha sabuni hadi nyumbani, nikakiunganisha kwenye TV, nikakuza herufi za manjano hadi ukubwa wa kiberiti, nikamwita aketi.

Vidole vyake viliweka aya ya kwanza kabla sijavuta kiti. Alihifadhi, akatafuta neno, akarudi nyuma. Yote yalikuwa mahali pake. Alitabasamu kwa ukuta, maana tabasamu lake haliendi mahali maalumu. Kisha akaacha kuandika.

"Sentensi zinaingia ukutani," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeiambia programu kwamba dirisha lina upana wa herufi themanini, na kwa herufi kubwa kiasi kile skrini haikuweza kubeba hata nusu. Programu iliniamini. Iliandika kwa furaha hadi nje ya TV, na maneno ya mhazini yakaishia mahali fulani nyuma ya kabati la vyombo. Koti lilikuwa limeitikia "yupo," na sasa lilikuwa likiulizwa swali la pili.

Nikajiandaa kukadiria. Nilikuwa tayari nimeshika rula. Halafu nikaiweka chini.

"Unaona herufi ngapi?" nikamuuliza. "Kwa mstari mmoja, bila kugeuza kichwa."

Aligeuka kunitazama, au kutazama upande wangu. "Hujawahi kuniuliza hivyo," akasema. "Wewe huuliza kama naona. Nikisema naona kidogo, unaenda."

Aliniambia nijaze mstari mzima herufi moja. Nikajaza. Akasogea, akaketi jinsi anavyoketi akifanya kazi, kisha akanyoosha kidole na kukipeleka polepole juu ya kioo cha TV, kutoka kushoto, hadi kikasimama.

"Hapa."

Kilisimama mbali na ukingo. Upande wa kulia wa kidole kulikuwa na nafasi ya kutosha herufi nyingine nyingi.

"Na huku?"

"Huko nadhani kuna kitu," akasema. "Sina shida nako."

Nilihesabu hadi kwenye kidole chake, na hiyo ndiyo namba niliyoandika. Katika ile maktaba yangu ya uongo, ndilo jibu la pekee ambalo ni la kweli. Programu ikajengwa upya, ikauliza upana, ikaambiwa, na sentensi zikaanza kugeuka pale pale macho yake yanapoishia, kama ng'ombe wanaojua ua ulipo.

Alimaliza kumbukumbu za kamati na kuzituma kabla ya siku ya mkutano. Mtamba mwenye homa alibaki na homa yake na hakutoa shukrani kwa mtu. Mwenyekiti alipiga simu, akampigia yeye, si mimi, na yeye akamwambia jambo ambalo sikuwa nimelipanga: kwamba kwa vile mashine sasa inaingia mfukoni, angependa kuja mwenyewe mkutanoni na kuandika watu wakiwa bado wanaongea. Nilifungua mdomo kutaja matope ya barabara ya Kabazi. Nikaufunga.

Ukumbini kulikuwa na TV kubwa iliyofungwa ukutani. Yule binti wa koleji, ambaye nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ndiye aliyepanda kwenye benchi kuunganisha waya, na herufi za manjano zilipotokea akasema, "Poa hiyo," akaketi kupiga picha. Mwenyekiti akafungua mkutano kwa maombi. Maombi yakatokea kwenye TV. Wanachama wakafumbua macho kuyasoma.

Sijawahi kuona mkutano kama ule. Kila aliyesimama aliona maneno yake yakitoka nyuma yake, makubwa, ya manjano, na wote walianza kuongea kama watu wanaovuka mto kwa mawe. Kuna mzee mmoja maarufu kwa urefu wa hotuba zake. Alianza vizuri, akajaza skrini, akageuka, akaona maneno yake ya kwanza yanapanda juu na kutoweka na kwamba bado hajasema jambo. Akaketi. Mwenyekiti naye aliona ameandikwa akisema "kwa hivyo basi" mistari mitatu mfululizo.

"Futa hiyo," akasema.

"Nikifuta," dada yangu akajibu bila kuinua kichwa, "nitaandika pia kwamba umesema nifute."

Na hapo hapo akaandika. Ukumbi ulicheka mpaka wale wa nje waliokuwa wakipika wakaja mlangoni. Walikuja wakikunja nyuso, kwa sababu mkutano ulikuwa unakaribia kwisha na wali ulikuwa haujaiva, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu chama kianze.

Baada ya chakula mwenyekiti alitujia na kofia mkononi. Alimwambia dada yangu kwamba kamati imekubaliana, yeye aendelee, na mikutano yote iandikwe hivi hivi ukutani. Alisema wazee wenye macho mabovu walikuwa wamesoma kumbukumbu kwa mara ya kwanza badala ya kuziamini tu. Yule binti wa ndugu yake alikuwa tayari ameomba afundishwe. Kisha akakohoa.

"Kuna kitu kidogo wanachama wanauliza," akasema. "Si kwenye hiyo TV mngetuwekea picha ya ng'ombe? Mmoja tu. Mweusi na mweupe."

Nilihisi maktaba zote zikifufuka kichwani mwangu: ya picha, ya rangi, ya kuchora maumbo, na ile ya karatasi ambayo hakuna aliyejua sababu yake. Nilikuwa tayari nimevuta pumzi ya kusema hakuna shida, ni suala la siku chache. Nikageuka kwa dada yangu na kumuuliza kama anataka ng'ombe.

Alifikiri. "Atakaa upande gani?"

Mwenyekiti alitazama TV, akapima kwa mkono. "Hapo kulia. Kuna nafasi."

"Basi aje," dada yangu akasema. "Huko mimi sioni."

Jumatatu, baada ya kufagia kioski, niliketi nikaanza kutafuta maktaba ya michoro.